Mshipa Upi?
Nilipokuwa na miaka 21 nilikuwa nikibeba magunia ya makala begani. Bega la kuume likaanza kuniuma, kisha mkono ukakataa kupanda juu. Mama akasema, «Ni mshipa», akanikanda kwa mawese mwaka mzima, nami nikaendelea kubeba. Mwishowe daktari aliniambia nisukume ukuta. Kombe la bega likatokeza mgongoni kama bawa. Naye akasema, «Ni mshipa», ila alimaanisha neva, ambayo mzigo uliikandamiza na iliyohitaji kupumzishwa mapema. Kwetu neno hilo moja ni njia ya damu, ni kano, ni neva. Mama hakukosea Kiswahili. Miaka 3 imepita. Sehemu ya juu ya ubao bado siifikii. Wenzangu tunaosoma istilahi, tuanzie hapo.