Ipime Foku Kabla ya Kuipenda Fremu

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma na picha za fremu zote mbili nimeziona. Nimefurahi umeuliza kabla ya kutoa hela, maana wengi huja kwa fundi fremu ikiwa imeshanunuliwa, na hapo fundi hana la kushauri, anabaki kutafuta namna ya kulazimisha vitu vikubaliane.

Jibu nakupa mapema: chukua ile ya chuma iliyoko Arusha. Ile nyekundu ya alumini iache, hata muuzaji akishusha bei tena. Najua moyo wako uko kwa ile nyekundu. Ni nyepesi, inang'aa, na bei yake ni nusu ya mwenzake. Lakini tayari una foku ya shokapu, tena foku nzuri ambayo huna nia ya kuiuza. Hivyo fremu itabidi iifuate foku.

Kila fremu huchorwa kwa foku ya urefu fulani. Mchoraji anajua mbele ya baiskeli itainuka kiasi gani, na kutokana na hapo anapanga mambo matatu: mlalo wa kichwa cha fremu, mlalo wa bomba la kiti, na kimo cha ekseli ya pedeli kutoka ardhini. Ukifunga foku ndefu kuliko ile aliyoikusudia, yote matatu yanahama kwa pamoja. Huwezi kuhamisha moja ukaacha mawili.

Vijana mnapozungumza foku mnataja tu inavyobonyea: hii ya 100, ile ya 120. Hesabu hiyo haitoshi. Foku inayobonyea milimita 100 ya gurudumu la inchi 26 huwa na urefu wa karibu milimita 470. Ya inchi 29 inayobonyea milimita 100 zilezile hupita 500. Urefu hasa hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya gurudumu hadi juu ya mabega ya foku, pale inapokalia beringi ya chini. Chukua futi kamba uipime yako ikiwa imejazwa upepo na haina uzito juu yake, kwa sababu foku iliyovuja huzama na itakupa kipimo cha uongo. Yako ni ya inchi 29 na inabonyea 120, kwa hiyo natarajia upate karibu milimita 530.

Sasa itazame ile nyekundu. Maandishi yaliyo kwenye picha uliyonitumia yanasema imetengenezwa kwa foku ya 80 hadi 100. Kichwa chake ni bomba lililonyooka, lenye uwazi wa milimita 44 juu na chini. Shingo ya foku yako, yaani bomba linaloingia ndani ya kichwa, si ya kunyooka: juu ina milimita 28.6, chini imetanuka hadi karibu 40. Muuzaji amekwambia itaingia, na katika hilo amesema kweli. Kuna kikombe cha beringi kinachokaa nje, chini ya kichwa, na hicho kitaipokea. Ila kikombe hicho peke yake kinaongeza milimita 12 hivi. Jumlisha na zile 20 ambazo foku yako imeizidi ya 100, unapata milimita 32 ambazo mchoraji hakuzitia katika hesabu yake. Katika fremu za kimo hiki, kila milimita 20 za ziada hulaza kichwa kwa takriban nyuzi moja. Utakuwa umekilaza kwa nyuzi moja na nusu, bomba la kiti limelala nyuma kwa kiasi hichohicho, na pedeli zimepanda zaidi ya sentimita moja.

Ukiteremka hutaona ubaya. Utaona hata nafuu, kwa kuwa baiskeli yenye kichwa kilicholala hutulia kwenye mteremko, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Lakini wewe unaishi Lushoto. Mteremko wa Soni hadi Mombo una mpando wake wa kurudi, na wageni unaotaka kuwatembeza watataka kupanda kwenda Irente na hata Mtae. Kiti kikilala nyuma, uzito wako unahamia gurudumu la nyuma, na la mbele linaanza kuzurura kwenye ule udongo mwekundu wa Usambara. Masika yakiingia, utakuwa unakokota baiskeli pale wenzako wanapopanda.

Jambo jingine linazihusu hizi baiskeli zetu zisizo na shokapu nyuma. Baiskeli yenye shokapu pande zote mbili, ukiikalia huzama mbele na nyuma, kwa hiyo umbo lake halibadiliki sana. Yako itazama mbele tu. Ukikaa, foku huzama karibu robo ya mbonyeo wake, yaani milimita 25 hadi 30, na kichwa husimama zaidi kwa nyuzi moja au moja na nusu. Ukigonga jiwe foku ikabonyea yote, kichwa kitakuwa kimesimama kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo maana wachoraji wa sasa hukilaza kichwa tangu mwanzo, nyuzi 65 hadi 67 kwa foku za 120 hadi 140, halafu bomba la kiti wakalisimamisha ili mpandaji asirudi nyuma. Fremu za zamani za mashindano zilikuwa na kichwa cha nyuzi 70 au 71, kwa foku fupi. Ile ya chuma imechorwa kwa foku ya 120 ikiwa na hesabu hiyo ndani yake. Ukiifunga foku yako, kila kitu kinakaa mahali pake.

Ninachokiogopa zaidi ni nguvu. Foku ni mtaimbo, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyobandua vizuri zaidi. Kila breki na kila jiwe huisukuma foku nyuma, na nguvu yote hiyo huishia pale bomba la chini linapounganishwa na kichwa. Kiwanda kilichoandika 100 kilipima unene wa bomba na mshono wake kwa foku ya 100. Kijana mmoja aliniletea fremu ya alumini iliyofungwa foku ndefu, akilalamika kwamba usukani unalia. Niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaigeuza juani. Chini ya mshono, upande usioonekana ukiwa umesimama, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele uliotembea nusu ya mzunguko wa bomba, na rangi kando yake imeinuka vipande vidogo. Angeteremka nayo mara nyingine, kichwa kingebaki mkononi mwake. Usiniambie itachomelewa. Alumini ya fremu hupitishwa kwenye joto maalumu baada ya kuchomelewa kiwandani ndipo ipate nguvu yake. Mchomeleaji wa mtaani hana tanuri hilo, na atakuachia mahali palipo laini kuliko palivyokuwa. Chuma hukuvumilia, na kikipasuka kinashoneka.

Hata hiyo ya Arusha usiinunue kwa macho ya picha. Mwambie aliyenayo aifute na kukupigia picha mshono huo kwa chini. Kisha mwombe apime kimo cha kichwa. Foku yako ilishatumika, na shingo yake ilikatwa kufuata fremu ya mwenyewe wa kwanza. Shingo hukatwa, hairefushwi. Tuseme kichwa kina milimita 120, beringi na vikombe vinachukua 20, na kishikio cha usukani kinataka 40: unahitaji shingo ya 180. Yako ikiwa 170, fremu hiyo haikufai hata iwe nzuri vipi. Nimeona watu wakikibana kishikio nusu nje ya shingo ili kuokoa hela. Usithubutu, hasa utakapobeba dhamana ya mgeni anayekufuata nyuma.

Kuhusu magurudumu sina mengi. La mbele lifuate ekseli ya foku yako, ile nene ya milimita 15 yenye upana wa 110. La nyuma lifuate fremu. Saizi ya fremu nayo utaijua ukisimama juu yake.

Umeuliza pia kama foku inaweza kupunguzwa ikaifaa ile nyekundu. Foku nyingi za upepo hupunguzwa mbonyeo kwa kubadilishwa fimbo ya ndani, na foku yenyewe inakuwa fupi kwa kiasi hichohicho. Yako ikishushwa hadi 100 ingekaribia, ingawa kikombe cha nje kingebaki. Kama ungekuwa na fremu hiyo tayari, ningekushauri hivyo. Kwa kuwa hujanunua, sioni sababu ya kulipia fimbo, kikombe na kazi ya fundi ili upate kitu pungufu. Fremu ya chuma imeizidi ile nyekundu uzito kwa kilo moja hivi. Utaibeba kwa miguu yako na utaizoea.

Pungufu ya bei mwambie mama yako aniambie, tutaangalia. Ila kwanza nitumie vipimo vitatu: urefu wa foku kutoka ekseli hadi mabegani, urefu wa shingo yake, na kimo cha kichwa cha fremu ya Arusha. Mpaka nikujibu, tafadhali usitume hata shilingi ya kishika bei.

Wako,
Mjomba