Maji kati ya vibamba viwili: 0.54 au 0.6?

Wadau, leo ni hesabu. Nataka kujua maji yanaburuta ukuta kwa nguvu gani yakipita taratibu kati ya vibamba viwili. Maabara hutumia mifereji hii kukuzia seli za mishipa ya damu, na seli huusikia mburuto huo, kwa hivyo asilimia 10 si mzaha.

Nafasi milimita 1, kasi ya wastani mita 0.1 kwa sekunde, mnato 0.001. Mnato mara kasi mara 6, gawa kwa nafasi: paskali 0.6.

Sasa iandikie programu. Gawa nafasi vipande 10, chukua kasi ya nukta ya kwanza kutoka ukutani, gawa kwa umbali wake, zidisha kwa mnato. Utapata 0.54! Kasi hupanda kwa mkunjo, nawe umeupima kwa rula. Wengi hukimbilia vipande 100, wapate 0.594. Kuchosha kompyuta bure tu. Chukua kasi ya kwanza mara 4, toa ya pili, gawa kwa urefu wa vipande viwili, kisha mnato. 0.6 kamili.

Huamini? Shinikizo hushuka paskali 1,200 kila mita, na kuta mbili hugawana mzigo: 1,200 mara 0.001, gawa kwa 2.