Utando wa Buibui

Babu yangu wa Nkuhungu alikuwa na ilimba, sanduku la mti lenye vyuma vyembamba. Vingine havikuguswa kamwe kwa kidole. Vilitetemeka vyenyewe wenziwe vilipopigwa, kama ndugu aitikaye kabla ya kuitwa. Tundu la sanduku lilizibwa kwa utando wa buibui, nao ndio ulioipa sauti mvumo. Mvumo huo Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha hata Ulaya.

Siku moja, kwa bidii ya ujinga, niliufuta utando nikidhani ni taka. Jioni babu akapiga. Sauti ikatoka kavu. Hakunigombeza, alinituma kutafuta utando mwingine kutani. Nilipoupata baada ya siku nyingi, alikuwa kitandani, na vidole vyake havikuinuka tena.