Majirani ndani ya seli

Kitabu chetu cha baiolojia sekondari kilichora seli kama kiwanda: kiini katikati, mitokondria pembeni, kila kimoja na kona yake. Mchoro mzuri wa kukariri. Ila ulitunyima habari tamu kuliko zote, kwamba hawa ni majirani na wanaongea.

Mwaka 1990 Jean Vance, mwanasayansi wa Canada, alichunguza utando uliong'ang'ania mitokondria za ini la panya. Ungeudhania uchafu. Kumbe ni kipande cha retikulamu, ule utando uliokunjwakunjwa, nacho kilikuwa kinatengeneza mafuta ambayo mitokondria huyahitaji.

Kati ya wawili hawa kuna nafasi ya nanomita 10 hadi 30 hivi, na protini zinazowashikilia kama kamba. Hapo retikulamu huachia kalsiamu. Ikifika kidogo, mitokondria huchapa kazi, nishati inaongezeka. Ikizidi sana, seli inakufa. Ujumbe uleule, jamani!

Mambo haya nilianza kuyasoma baba mdogo alipopata ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Mwaka 2004 watafiti walikuta, katika familia fulani za Brazil, hitilafu kwenye jeni ya VAPB. Protini yake ni mojawapo ya kamba zile.

Ugonjwa wa baba mdogo haukuwa wa ukoo. Nilimsomea hata hivyo. Wakati huo alikuwa anajibu kwa kope tu. Nilipomaliza, alipepesa mara mbili: rudia pale kwenye kamba.