Kirikou Anakuja Jumamosi

Mimi ni mtu mwenye mvi, lakini tangu Jumatatu ninahesabu siku kama mtoto angojaye Krismasi. Shemeji yangu ameleta kutoka Bujumbura sinema iitwayo Kirikou, nasi tutaitazama Jumamosi jioni darasani, kwa jenereta ya mwenye mashine ya kusaga.

Ni sinema ya katuni, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1998. Mtungaji wake, Bwana Michel Ocelot, ni Mfaransa ambaye utotoni aliishi Guinea, na sauti zilinaswa Dakar, Senegal. Watu wake wamechorwa kwa mkono. Hebu fikirini kazi hiyo: kila sekunde picha 24 hupita machoni, na sinema yenyewe inazidi dakika 70! Mimi hata kuchora kuku mmoja ubaoni hunishinda.

Kirikou ni mtoto mdogo kupita wote kijijini. Chemchemi imekauka, na watu wanamwogopa mchawi Karaba. Wakubwa wanatetemeka, yeye anauliza kwa nini Karaba ni mbaya. Jibu silitoi hapa, maana watoto wa jirani husomewa gazeti hili.

Mke wangu hakupendezwa aliposikia kwamba Kirikou yu uchi, na wanawake wa sinema hiyo wako vifua wazi. Nikamkumbusha jinsi bibi zetu walivyotwanga mtama. Akanyamaza, ila hajakubali.

Lakini nina sababu yangu. Mjukuu wetu ana miaka 9, naye ni mfupi kuliko watoto wa miaka 6. Wenzake wamempa jina ambalo sitaliandika. Mpira ameacha, na juzi alisema shule haitaki tena. Nimesema naye mara nyingi, wala maneno yangu hayamwingii. Kwa hiyo naingoja Jumamosi kwa furaha, na kwa hofu pia. Wenzake watakuwapo wote. Kuanzia Jumapili huenda wakamwita Kirikou, nami sijui watalitamka jina hilo kwa namna gani.

Sinema inasema Kifaransa, basi shemeji atasimama kando ya ukuta atufasirie.

Jana jioni mtoto akaniuliza, “Babu, huyo Kirikou ana kimo gani hasa?” Nikamwonyesha kwa mkono, hapa gotini. Akaja akasimama kando ya mkono wangu, akajipima.