Santuri ya Babu na Mahali Sindano Inaporuka

Ndugu wasomaji, tunaingia katika ukurasa huu wa familia na kisa cha nyumbani kwetu, hapa Geita mjini. Ni kisa cha mashine, lakini tuliyojifunza ndani yake si ya mashine.

Chini ya kitanda cha mama yetu mzazi limekaa kwa miaka mingi sanduku la bati lenye santuri tano za Qur'an Tukufu. Babu yetu mzaa mama, Allah amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na alirejea nazo kutoka Hija mwaka 1973. Gramafoni aliyokuwa akizipigia iliharibika kabla sisi hatujazaliwa, na tangu hapo santuri zile zikabaki kuwa kumbukumbu ya kupanguswa vumbi kila Ramadhani inapokaribia. Mwezi wa Rajabu uliopita mama alituita chumbani kwake. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, na mus-haf hawezi tena kuusoma. Akasema: "Mwanangu, nataka kuisikia Surat Yusuf ya baba. Naona inaanza kunitoka."

Kwa haraka ya vijana tukatoa simu. Msomaji wa santuri zile ni Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, na usomaji wake unapatikana kwa wingi katika intaneti. Mama akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Ndiye yeye, Mungu amrehemu. Ila huyu wa kwenye simu haruki pale pangu." Hatukumwelewa. Tulidhani ni maneno ya utu uzima.

Tulipozitoa santuri sandukuni ndipo tulipotambua tumekalia hazina. Mwaka 1959 huko Misri, Labib as-Said alitoa rai kwamba, kama vile Qur'an ilivyokusanywa katika maandishi zama za Sayyidna Abubakar (RA), baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama, basi na usomaji wake uhifadhiwe kwa sauti ili vizazi vijavyo viusikie ulivyo. Mwaka 1961 ikatoka seti ya kwanza iliyokamilika, kwa sauti ya Sheikh al-Husary na kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim. Ilienea juu ya santuri 44. Tano za babu ni kipande tu cha kazi ile, lakini ndicho kipande kilichomfikia mtu wa Geita.

Tukaagiza mashine mpya ya kupigia santuri kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Sisi ni katibu wa kamati ya msikiti, na cheti cha chuo cha Kiislamu kimetundikwa ukutani. Karatasi ya maelekezo tukaiona ni ya wasiojua, tukaiweka kando. Tukachomeka waya, tukabonyeza swichi. Mota ikanguruma, sahani haikutikisika. Watoto wakacheka. Ikabidi tuirudie karatasi, nayo ikatueleza kwamba sahani huzungushwa kwa mkanda mwembamba wa mpira uliolala chini yake, na kwamba mnunuzi mwenyewe ndiye anayetakiwa kuuvuta kwa kidole kupitia tundu na kuuvika kwenye kigurudumu cha mota. Mashine ilikuwa nzima. Kilichopungua kilikuwa subira yetu.

Sahani ilipozunguka tukafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: tukaweka santuri ya Qur'an ili kujaribia. Sauti ikatoka nzito na ya kuburuta, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Mama akapaza sauti kutoka chumbani: "Zimeni! Maneno ya Mwenyezi Mungu hayajaribiwi. Tengenezeni kwanza, ndipo msikilize." Tukazima, na aibu ikatushika. Tangu saa ile tukakubaliana kwamba marekebisho yote yafanyike sahani ikiwa tupu.

Mashine za namna hii huwa na kasi tatu. Kasi ya mizunguko 78 kwa dakika ni ya santuri za kale, za zama za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, nazo huhitaji sindano nene zaidi. Kasi ya 45 ni ya santuri ndogo. Za babu, ambazo ni santuri ndefu, huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Utajuaje kama sahani inakwenda kasi hiyo bila kifaa cha kupimia? Hesabu yake ni nyepesi: theluthi ile ukiizidisha mara tatu inakuwa moja kamili, kwa hiyo katika dakika tatu sahani inapaswa kuzunguka mara mia barabara. Tukabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani. Mama watoto akashika saa. Mama akaletwa kitini na tasbihi yake, na kila karatasi ilipomgusa kidole akavuta punje moja. Thelathini na tatu, mara tatu, na moja ya kukamilisha mia: hesabu ambayo vidole vyake huifanya baada ya kila swala.

Mara ya kwanza ikatoka 94. Chini ya mashine mna kitundu chenye skrubu ndogo ya kuongezea na kupunguzia kasi, jambo ambalo karatasi ya maelekezo ilikuwa imelinyamazia. Tukaazima bisibisi nyembamba kwa fundi simu, tukaigeuza kidogo, ikatoka 106. Tukairudisha nusu ya tulivyokwenda. Mama akafika punje ya mwisho, akaongeza moja, na mama watoto akasema dakika tatu zimetimia.

Likabaki suala la uzito. Sindano ikiwa nzito mno huichimba santuri, na ikiwa nyepesi mno hutangatanga na kuruka. Sindano yetu ilitakiwa ilale kwa uzito wa gramu mbili. Nyuma ya mkono mna kizito cha kuzungusha chenye pete ya namba. Tukaifuata pete mpaka ikasoma mbili. Lakini pete ile ilikuwa imelegea, ikizunguka hata kizito chenyewe kisipozunguka, na hatukuiamini. Gramu mbili utazipimia wapi? Ndugu msomaji, hapa ni Geita. Jirani yetu ni broka wa dhahabu. Tulipomwomba mizani akajibu: "Katibu, mizani yangu hailali nje. Nitakuja nayo mwenyewe." Akaja baada ya Asri, akaiweka kwenye sahani mahali pa santuri, nasi tukaiteremshia sindano polepole. Ikasoma gramu 3.4. Pete ilikuwa ikisema mbili! Tukazungusha kizito kidogo kidogo mpaka mizani ikasema mbili kweli. Jirani akatikisa kichwa: "Hata kwetu wapo wenye namba za namna hii." Sisi wa mji huu tunaishi kwa mizani, na dini yetu imetuonya vikali tusiipunje; siku ile tuliona kwamba namba iliyoandikwa si ushahidi mpaka ipimwe.

Tulipoiunganisha mashine na sabufa ya sebuleni, sauti ikatoka hafifu kama ya mbu. Hapo nafsi ikatushawishi. Msikitini kuna amplifaya nzuri, na funguo za stoo tunazo sisi. Tukasema moyoni, ni usiku mmoja tu, na ni Qur'an. Tulipomdokezea mama, akanyamaza kidogo kisha akasema: "Ile ni waqfu. Walioichangia waliichangia kwa adhana, hawakuichangia kwa sebule ya katibu." Hatukuwa na jibu. Mtoto wetu mkubwa, aliyekuwa akichungulia nyuma ya mashine, ndiye aliyeuliza kazi ya swichi ndogo iliyojificha karibu na waya. Swichi ile ina nafasi mbili: moja hutoa sauti changa ya sindano inayohitaji kikuzaji maalumu, ya pili hutoa sauti iliyokwisha kukuzwa kiasi cha kuingia kwenye sabufa yoyote. Mashine ilitoka dukani ikiwa kwenye ile ya kwanza. Akaisukuma kwa kucha, sauti ikajaa sebule.

Siku iliyofuata, alasiri, tukakaa kuusikiliza upande mmoja wa Surat Yusuf. Mambo mawili yakatokea. La kwanza, sindano ilipokaribia mwisho mashine ikajizima yenyewe katikati ya neno. Waliosoma tajwidi wanajua uzito wa kusimama mahali pasipo pa kusimama. Ipo swichi nyingine ya kuondoa tabia hiyo, tukaiondoa. Lakini sasa ni lazima mtu aketi karibu ili ainue mkono upande unapokwisha. La pili, mahali Nabii Yusuf (AS) anapowaagiza nduguze waipeleke kanzu yake kwa baba yao aliyepofuka, sindano iliruka. Tukaitazama santuri kwenye mwanga: mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele. Sahani huzunguka mara moja kwa chini ya sekunde mbili, hivyo kuruka mifereji michache ni kupoteza maneno machache tu. Tukakumbuka kusikia kwamba watu wa zamani walikuwa wakiweka sarafu juu ya mkono ili sindano isiruke. Tukatoa shilingi hamsini mfukoni.

"Msiweke kitu," mama akasema. "Hapo ndipo pangu."

Ndipo alipotueleza. Alikuwa na umri wa miaka kumi. Mvua ilinyesha, akaingia ndani mbio na sufuria mkononi, akaigonga meza, na sindano ikaburuzika juu ya santuri. Alisubiri kipigo. Babu hakumpiga. Alimwambia: "Ulichokiondoa kwenye santuri, kiweke kifuani." Tangu siku hiyo, kila sindano iliporuka babu aliinua mkono, na binti yake akasoma yale maneno yaliyorukwa, kisha kisomo kikaendelea. Ikawa hivyo mpaka alipoolewa. "Kwenye simu hapana pengo," mama akasema, "na pasipo pengo mimi sina kazi. Ndiyo maana imeanza kunitoka."

Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, tuliketi sote mkekani. Sisi tulikaa kando ya mashine, kidole kwenye kishikio, macho kwenye ule unywele uliokuwa ukimetameta na kupita. Sindano ikaruka. Tukainua mkono upesi, kwa fahari ya fundi. Nyumba ikanyamaza. Hapo tukagundua jambo la kutuaibisha: hatukujua msomaji alikuwa amefika neno gani. Tulikuwa tukiitazama sindano, aya hatukuisikia.

Mama naye alikuwa kimya. Tasbihi ilisimama vidoleni mwake. Tulitaka kumsaidia, mama watoto akatuzuia kwa jicho. Kisha, kwa sauti ya chini, akaianza aya tangu mwanzo wake, akafika penye pengo, akalipita bila kutetereka, akasimama mahali pa kusimama. Akasema: "Haya, mrudishe Sheikh."

Tangu hapo kila usiku wa Ijumaa tunafanya hivyo, umeme ukiwepo. Tumeirekodi santuri kwenye simu kwa tahadhari, pamoja na pengo lake, maana mama amesisitiza lisizibwe. Watoto wetu wameihifadhi aya ile bila kuambiwa, kila mmoja akitaka siku moja apewe yeye kuisoma. Binti yetu wa miaka tisa amemuuliza bibi yake atapata wapi mahali pake. Bibi akamjibu: "Panda juu kidogo, anza aya ya nyuma yake."

Ndugu zetu, huenda nanyi mna sanduku chini ya kitanda cha mzee wenu. Msikimbilie kumwambia kwamba yaliyomo yamo kwenye simu. Yafungueni mbele yake, mulizeni, na mvumilie jibu lake hata likionekana halina maana. Sisi tulipima kasi kwa tasbihi na uzito kwa mizani ya dhahabu, vyote vikakaa sawa, na bado tulikaribia kulikosa jambo lenyewe. Tunamuomba Allah aijaalie Qur'an iwe nuru ya vifua vyetu, awape shifaa wazee wetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.