Kutoka Kitui Hadi Kibwezi: Pima Hewa Ukiwa na Maji Yako

Ukipanga kuzuru Ukambani kwa baiskeli ya milimani yenye springi ya hewa nyuma, jifunze kutokana na kosa langu. Mjini Kitui nilipima hewa nikiwa mikono mitupu. Kisha nikabeba mgongoni lita 10 za maji, yaani kilo 10, kwani mito mingi ya huko huwa mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Nilipoacha lami karibu na Ikutha na kushika kijia cha mawe, springi ilizama hadi mwisho, ikanirusha migungani!

Basi, vaa mzigo wako wote kwanza. Sukuma kipete cha mpira hadi mwanzo wa mhimili wa springi, kalia baiskeli, kisha shuka polepole. Kipete kiwe kimesogea kama robo ya mwendo wa springi. Kikizidi sana, ongeza hewa kwa pampu maalumu ya springi. Ile ya magurudumu haifai.

Ukishavuka mto Athi na kufika Kibwezi, Makueni, futa mhimili kwa kitambaa laini. Vumbi likiukwaruza, hewa itavuja. Tahadhari kabla ya hatari.